Bei ya Ufukwe: Hesabu za Aga Khan kutoka Porto Cervo hadi Forodhani

Mwaka 1946 kisiwa cha Sardinia, nchini Italia, kiliandikisha wagonjwa wa malaria zaidi ya 75,000. Mwaka 1951 wagonjwa walikuwa 9. Katikati ya miaka hiyo maelfu ya vibarua walizunguka kisiwa kizima wakipuliza DDT majumbani, mazizini, visimani na kwenye vinamasi. Kampeni hiyo ilisimamiwa na Wakfu wa Rockefeller pamoja na serikali ya Italia, na sehemu kubwa ya gharama ikabebwa na misaada ya kimataifa ya baada ya vita.

Naanza na mbu kwa makusudi. Masimulizi ya Costa Smeralda, ufukwe wa kaskazini mashariki mwa Sardinia unaohesabiwa miongoni mwa ghali zaidi duniani, huanza na mwanamfalme kijana aliyeona maji ya rangi ya zumaridi akayapenda, akanunua ardhi, akajenga bandari ya yoti. Yote hayo yalitokea. Lakini ankara ya kwanza ya ufukwe ule ilikwishalipwa na umma miaka kumi kabla mwekezaji hajatokea, na bila ankara hiyo pasingekuwepo hoteli wala gati. Msomaji wa Tanga, Lindi au Kilifi hahitaji kuelezwa kwa nini.

Mwanamfalme mwenyewe tunamfahamu. Ni Karim Aga Khan, aliyezaliwa Geneva mwaka 1936 na kuishi Nairobi utotoni wakati wa Vita Kuu ya Pili. Mwaka 1957, akiwa na miaka 20 na bado mwanafunzi wa Harvard, alirithi uimamu wa Waismailia kutoka kwa babu yake, Sultan Mahomed Shah, aliyemruka mwanawe Aly Khan na kumteua mjukuu. Oktoba ya mwaka huo huo alitawazwa Dar es Salaam. Alifariki Lisbon tarehe 4 Februari 2025, na kiti kikachukuliwa na mwanawe Rahim.

Alirithi vitu viwili, na anayevichanganya huharibu hesabu zote. Kimoja ni mali ya familia: farasi wa mbio, nyumba, vitega uchumi binafsi. Kingine ni uongozi wa jumuiya yenye taasisi zake, ambazo nyingine zilianzishwa Afrika Mashariki wakati wa jubilei za babu yake, kama Jubilee Insurance iliyozaliwa Mombasa mwaka 1937 na Diamond Trust ya miaka ya 1940. Costa Smeralda ilitoka kwenye mfuko wa kwanza. Bustani ya Forodhani, bwawa la Bujagali na mkonga wa mawasiliano wa baharini vilitoka kwenye wa pili na matawi yake. Ni mtu mmoja, lakini alishika bahari kwa mikono miwili, na ukiweka namba za mkono mmoja kando ya namba za mwingine unapata somo ambalo mwambao wetu, wenye michoro ya marina kila kona, unalihitaji sasa hivi.

Hekta 1,800 za mawe

Tarehe 14 Machi 1962 Aga Khan na wenzake watano, akiwemo Patrick Guinness wa ukoo wa watengeneza bia wa Ireland, walianzisha Consorzio Costa Smeralda, muungano wa wamiliki ardhi. Walianza na hekta zipatazo 1,800. Leo muungano unasimamia zaidi ya 3,000. Ili upate picha, eneo la Mji Mkongwe wa Zanzibar lililomo kwenye orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO ni hekta 96. Yaani kundi lile lilianza na ardhi inayoingia Miji Mikongwe karibu 19.

Ardhi yenyewe ilikuwa miamba ya itale, vichaka vikavu na mbuzi. Hapakuwa na barabara ya maana, hapakuwa na maji ya bomba, hapakuwa na umeme. Husimuliwa huko kwamba wafugaji waliwaachia watoto wa kiume mashamba ya ndani yenye malisho na wa kike wakapewa vipande vya pwani visivyoota kitu. Kama ndivyo, basi mabinti hao ndio waliokuja kushika kalamu ya kuuza.

Kununua ardhi ya namna hiyo ni sehemu rahisi. Gharama inaanza siku ya pili. Mwaka mmoja baada ya muungano kuundwa, Machi 1963, Aga Khan alianzisha shirika la ndege la Alisarda, kwa sababu mgeni wa kutoka Milan au Paris hawezi kulala usiku kwenye meli ya abiria ili aje kukaa hotelini siku mbili. Ndege za mwanzo zilitua kwenye kiwanja cha vumbi nje ya mji wa Olbia. Uwanja mpya ulifunguliwa mwaka 1974. Kwa hiyo ilichukua miaka 12 tangu saini ya kwanza mpaka ufukwe ukapata uwanja unaofaa, na miaka hiyo yote mtu mmoja alikuwa akibeba hoteli, bandari na shirika la ndege kwa wakati mmoja. Alisarda baadaye iliitwa Meridiana, kisha Air Italy, na Februari 2020 ikafungwa, ikawaacha wafanyakazi zaidi ya 1,400 wakitafuta riziki kwingine. Miaka 57 ni umri mrefu kwa shirika la ndege. Nataka tu mpangaji wetu wa marina ajue kwamba kitu hicho kilikuwemo kwenye bei.

Kingine kilichokuwemo kwenye bei ni kanuni. Muungano uliweka kamati ya usanifu, na kila aliyejenga alilazimika kupeleka michoro. Nyaya za umeme zilifukiwa ardhini. Mabango ya matangazo yalipigwa marufuku. Wasanifu wa mwanzo, akina Luigi Vietti, Jacques Couëlle na Michele Busiri Vici, walijenga nyumba fupi zinazojificha nyuma ya miamba. Ukisogea kwenye ukuta wa Cala di Volpe, hoteli aliyoichora Couëlle, unaona lipu iliyopigwa kwa mkono hadi kona zikapoteza ukali wake, boriti za mbao zisizonyooka, madirisha yasiyolingana kwa ukubwa. Ni ujenzi wa polepole, na fundi wa namna hiyo hulipwa kwa siku nyingi. Mwenye ardhi aliyetaka kuuza viwanja vingi haraka angeona kanuni hizo ni hasara. Miaka 60 baadaye, hizo ndizo zinazouzwa.

Yoti zinaleta kiasi gani?

Klabu ya yoti, Yacht Club Costa Smeralda, ilianzishwa mwaka 1967, na Aga Khan akawa rais wake. Mwaka 1983 klabu hiyo, kwa msaada wa matajiri wenzake akiwemo Gianni Agnelli wa Fiat, ilipeleka mashua iitwayo Azzurra kwenye mashindano ya America's Cup huko Newport, Marekani. Ilikuwa mara ya kwanza kwa Italia kuingia, na Azzurra ikafika nusu fainali za kumtafuta mpinzani. Wataliano waliokuwa hawajui tanga la mbele na la nyuma walikesha kwenye televisheni. Kama tangazo la biashara, fedha zile zilirudi.

Sasa tuingie kwenye hesabu ya gati lenyewe. Marina ya Porto Cervo ina nafasi zipatazo 700 za kuegesha vyombo, kuanzia mashua ndogo hadi yoti za kupita mita 60. Tuchukue hali bora kuliko inavyowezekana: nafasi zote 700 zimejaa majira yote ya joto, wiki 17 kuanzia Juni hadi Septemba; kila chombo kina wageni 8; na kila wiki wageni hao wanaondoka na kuingia wengine. Unapata watu 95,200. Uwanja wa ndege wa Olbia unapitisha abiria zaidi ya milioni 3 kwa mwaka, yaani, ukihesabu kuingia na kutoka, wageni na wenyeji kama milioni 1.5. Gati lililojaa pomoni kuliko lilivyowahi kujaa linaleta watu wasiozidi 7 kwa kila 100 wanaotua kwa ndege, na wengi wa hao wa yoti nao walifika kwa ndege.

Mtetezi wa marina atajibu kwamba tusihesabu vichwa, tuhesabu pochi. Ana haki ya kusema hivyo. Katika biashara ya yoti kuna kanuni ya jumla kwamba kukiendesha chombo kwa mwaka hugharimu kama asilimia 10 ya bei yake: mabaharia, mafuta, bima, matengenezo, maegesho. Yoti ya euro milioni 60 inakula euro milioni 6 kwa mwaka, ambazo ni zaidi ya euro 16,000 kwa siku, ikitembea au ikiwa imefungwa kamba. Ni fedha nyingi. Lakini angalia zinakotua. Mishahara inakwenda kwa mabaharia walioajiriwa kupitia mawakala wa Ufaransa, Uingereza au visiwa vya mbali. Bima inakwenda London. Matengenezo makubwa yanakwenda kwenye karakana zenye chelezo na mafundi, na karakana hizo ziko Genova, La Ciotat, Palma. Mji unaoegesha tu, usiokarabati, unabaki na mafuta, mboga, samaki, maua na kodi ya gati.

Hapa ndipo ninapoona michoro mingi ya mwambao wetu inapokosea. Inachora magati na majengo ya vioo. Haichori chuo cha mafundi wa injini, maseremala wa vyombo na washonaji wa matanga, ingawa pwani yetu ina maseremala wanaounda majahazi kwa macho bila kipimo cha karatasi. Kama kuna fedha ya yoti inayoweza kulala Tumbatu, Lamu au Pangani, iko kwenye mikono hiyo.

Mrithi anapopoteza ufukwe

Aga Khan hakubaki na Costa Smeralda. Mwaka 1985 alichukua udhibiti wa CIGA, kampuni kongwe ya hoteli iliyoanzia Venice mwaka 1906, akatanua haraka, na madeni yakatanuka naye. Mwaka 1994 CIGA, pamoja na mali ya Costa Smeralda, iliangukia mikononi mwa ITT Sheraton ya Marekani. Wakati huo huo serikali ya jimbo la Sardinia ilikuwa imekwisha kuvutana naye kwa miaka mingi kuhusu mpango mkuu wa kuongeza majengo pwani, mpango ambao haukupita. ITT ikaingia ndani ya kampuni ya hoteli ya Starwood. Mwaka 2003 kampuni ya uwekezaji ya Colony Capital, ya Mmarekani Tom Barrack, ilinunua hoteli, marina na ardhi kwa bei iliyoripotiwa kuwa euro milioni 290. Mwaka 2012 mfuko wa serikali ya Qatar ulinunua kwa bei iliyoripotiwa kuwa kama euro milioni 600.

Tulia kwenye namba hizo mbili. Ndani ya miaka 9 bei iliongezeka kwa euro milioni 310, wastani wa asilimia 8 kwa mwaka. Bahari ilikuwa ile ile. Mawe yale yale. Thamani ilitokana na vitu vitatu: kanuni za ujenzi zilizowekwa 1962, uwanja wa ndege, na jambo la tatu ambalo muuzaji hakulifanya yeye, yaani sheria za Sardinia zilizofanya ufukwe uliobaki usijengwe.

Sheria hizo zilikuja na Renato Soru, mfanyabiashara wa intaneti aliyechaguliwa rais wa jimbo mwaka 2004. Novemba ya mwaka huo alizuia ujenzi mpya ndani ya kilomita 2 kutoka baharini, na mpango kamili wa kulinda mandhari ukafuata mwaka 2006. Wenye viwanja walilia. Wenye hoteli zilizokwisha kujengwa walipaswa kumshukuru, maana alikuwa amewahakikishia kwamba hakuna mshindani atakayejenga jirani yao.

Mwaka 2006 Soru akaenda mbele zaidi, akaweka kodi kwa yoti zinazotua Sardinia kati ya Juni na Septemba. Chombo cha mita 14 hadi 16 kililipa euro 1,000 kwa mwaka. Cha mita 30 hadi 60 kililipa 10,000. Cha kupita mita 60 kililipa 15,000. Wenye matanga walilipa nusu. Kelele zilizopigwa zilikuwa kana kwamba kisiwa kimetangaza vita. Rudi kwenye ile yoti ya euro milioni 60: kuiendesha siku moja ni zaidi ya euro 16,000. Kodi ya mwaka mzima haikufikia gharama ya siku moja.

Soko la pamoja linapoingia bandarini

Kilichoiangusha kodi hiyo mahakamani ni jambo ambalo Afrika Mashariki inapaswa kulisoma kwa makini, kwa sababu ni mtangamano wa kikanda ukifanya kazi yake sawasawa. Sheria ya Sardinia iliwatoza wasio wakazi na kuwaachia waliokuwa na makazi ya kikodi kisiwani. Hoja ya jimbo ilikuwa kwamba wakazi wanalipa kodi nyingine zinazotunza fukwe, kwa hiyo wageni nao wachangie. Kwa mtu wa kawaida ni hoja ya haki.

Mahakama ya Katiba ya Italia iliipeleka kesi hiyo kwenye Mahakama ya Haki ya Ulaya, na hiyo ilikuwa mara ya kwanza kwa mahakama hiyo kuomba tafsiri huko. Novemba 2009 jibu lilikuja: kodi inavunja uhuru wa kutoa huduma ndani ya soko la pamoja, na kwa kuwa inawapa unafuu wafanyabiashara wa Sardinia dhidi ya washindani wao, ni ruzuku isiyoruhusiwa. Siasa ilikuwa imetangulia: Soru alishindwa uchaguzi Februari ya mwaka huo na kodi ikafutwa.

Jumuiya ya Afrika Mashariki ina itifaki yake ya soko la pamoja tangu Julai 2010, na leo ina wanachama 8. Zanzibar, Lamu au Mtwara zikiamua kutoza chombo cha mwanajumuiya zaidi ya chombo cha nyumbani, hoja ya Soru itarudi kwa Kiswahili, na jibu linaweza kuwa lile lile. Simaanishi kwamba tusitoze. Namaanisha kwamba ada itungwe tangu mwanzo kwa namna itakayosimama: iwatoze wote kwa urefu wa chombo na siku za kukaa, mkazi na mgeni sawa.

Na mtangamano wetu kwa upande wa bahari bado ni mchanga. Viza ya pamoja ya utalii iliyoanzishwa mwaka 2014, ya dola 100 kwa siku 90, inahusu Kenya, Uganda na Rwanda, Tanzania haimo. Nahodha anayetoka Shimoni kwenda Pemba, safari ya saa chache kwa upepo mzuri, anatoka nchi moja na kuingia nyingine kwa fomu mpya, viza mpya na ada mpya. Karne nyingi majahazi yalipita hapo bila kujua kuna mpaka.

Mkono wa pili

Julai 2009, miezi minne kabla ya hukumu ile, Aga Khan alikuwa Zanzibar kufungua upya Bustani ya Forodhani pamoja na Rais Amani Abeid Karume. Ukarabati uliofanywa na taasisi yake ya utamaduni uligharimu dola milioni 2.4.

Linganisha. Milioni 2.4 ni gharama ya kuendesha ile yoti moja kwa muda usiofika miezi mitano. Kwa fedha hiyo ukuta wa bahari uliimarishwa, mifereji ikapangwa, taa zikawekwa, miti ikapandwa, na wachuuzi wakapata sehemu zilizopangwa. Jioni yoyote ya kawaida unamkuta muuza juisi ya miwa akisukuma gurudumu la mashine kwa mkono mmoja, ndimu na tangawizi zimebanwa katikati ya miwa. Pembeni sufuria la urojo linatoka moshi. Familia kutoka Ng'ambo zimekaa kwenye viti na watoto. Vijana wanakimbia na kuchupa baharini kutoka ukutani huku watalii na wenyeji wakiwashangilia kwa pamoja. Hakuna kiingilio. Ukitaka kujua ufukwe wa mjini una thamani gani, hesabu watu wanaokaa hapo bila kununua kitu na bila kufukuzwa.

Siku chache kabla ya ufunguzi huo, tarehe 23 Julai 2009, SEACOM iliwashwa. Ni mkonga wa baharini wa kama kilomita 17,000 uliounganisha Afrika Kusini, Msumbiji, Tanzania na Kenya na India na Ulaya, kwa gharama ya takriban dola milioni 650, na asilimia 26.25 ya hisa ilikuwa ya Industrial Promotion Services, kampuni ya mtandao wa Aga Khan. Gawanya: ni kama dola 38,000 kwa kilomita. Kabla yake mawasiliano ya mwambao wetu na dunia yalitegemea setilaiti, kwa bei iliyomfanya mwenye mgahawa wa intaneti auze dakika kama dawa. Huo ni mtangamano unaopita chini ya maji bila kuonekana, na umebeba biashara zaidi kuliko gati lolote.

Bujagali ni hesabu yenye uchungu zaidi. Bwawa hilo la Uganda, lililofunguliwa rasmi Oktoba 2012, lina megawati 250 na liligharimu kama dola milioni 900, yaani dola milioni 3.6 kwa kila megawati. Liliokoa Uganda na mgawo mkali wa umeme. Pia lilizamisha maporomoko ya Bujagali, ambayo yalikuwa ufukwe wa utalii wa mto, na umeme wake ulikuwa ghali kiasi kwamba Rais Museveni alilalamika hadharani. Mwaka 2018 mikopo yake ilibidi ipangwe upya ili bei ishuke. Mrithi mwenye nia njema bado anakopa kwa riba, na riba hulipwa na mwenye mita ya umeme.

Yoti zikija kwetu

Watu husema hatupati yoti kwa sababu tuko mbali. Hesabu haikubali. Yoti za Mediterania huhama majira ya baridi kwenda Karibea. Kutoka Las Palmas hadi Saint Lucia ni maili za baharini 2,700. Kutoka Suez hadi Mombasa ni karibu 3,000. Kwa mwendo wa maili 12 kwa saa, ya kwanza ni siku 9 na ushei, ya pili ni siku 10 na nusu. Na majira yanakubaliana: Porto Cervo inafunga milango Oktoba, kaskazi inaingia kwetu Desemba na kuleta bahari tulivu hadi Machi. Ni kalenda ile ile iliyoleta majahazi ya Oman.

Kinachotutenga ni ukosefu wa usalama kwenye mlango wa bahari wa Bab el Mandeb na kukosa mafundi. Uharamia wa Somalia ulipopungua, mashirika ya meli yaliondoa alama ya eneo la hatari kubwa tarehe 1 Januari 2023. Novemba ya mwaka huo mashambulizi ya Wahouthi wa Yemen yakaanza kwenye Bahari ya Shamu. Kampuni ya bima haiangalii uzuri wa matumbawe. Inaangalia ramani ya makombora. Kwa hiyo mwekezaji anayekuja na mchoro wa marina ya nafasi 300 na kudai itajazwa na yoti za Ulaya ndani ya miaka mitano, aulizwe zitapita wapi.

Wakati tunangoja, kuna mapato mengine. Zanzibar, yenye wakazi 1,889,773 kwa sensa ya 2022, ilipokea wageni zaidi ya 700,000 mwaka 2024. Kuanzia Oktoba ya mwaka huo kila mgeni kutoka nje ya nchi anatakiwa kulipia bima ya dola 44, watoto wakilipa pungufu. Wageni 700,000 wakilipa kiwango kamili ni dola milioni 30.8. Nafasi zote 700 za Porto Cervo, hata kama kila moja ingekuwa na yoti ya kupita mita 60, jambo lisilowezekana, zingeingiza euro milioni 10.5 kwa kodi ya Soru. Bima si kodi, na sehemu yake inarudi kuwatibu wageni wenyewe. Lakini ukubwa wa kapu unaonekana. Mgeni njoo, mwenyeji apone, wahenga walisema, na mgeni wa kawaida mwenye begi la mgongoni ndiye anayeponya zaidi.

Ardhi ndiyo inayobaki. Sheria ya mazingira ya Tanzania ya mwaka 2004 inazuia shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ufukweni. Sardinia iliweka mita 2,000, zaidi ya mara 33. Sidai tuige, pwani yetu ina vijiji vya wavuvi ambavyo vimekaa kando ya maji kabla ya sheria zote, na kuvisukuma kilomita 2 ndani ni kuviua. Ninachotaka ni hizo mita 60 zilindwe kweli, kwa sababu zikimegwa kwa vibali maalumu hazirudi.

Na mkataba wa kila marina utaje mauzo ya baadaye. Colony ilipoiuzia Qatar, ongezeko la bei lilikuwa euro milioni 310. Kama halmashauri ya Arzachena, wilaya iliyobeba barabara, takataka na maji ya Porto Cervo, ingekuwa na kifungu cha asilimia 5 tu ya ongezeko hilo, ingepata euro milioni 15.5 kwa siku moja, zaidi ya kodi ya mwaka mzima ya gati lililojaa yoti kubwa tupu, na bila kesi ya ubaguzi, kwa kuwa kifungu hicho hakiulizi mnunuzi anatoka wapi. Tanzania tayari ina kifungu cha kodi ya mapato kinachogusa kampuni ambayo umiliki wake unabadilika kwa zaidi ya asilimia 50 ndani ya miaka mitatu. Fedha hiyo inakwenda hazina. Kuipa shehia na halmashauri ya ufukwe husika sehemu yake, kwa maandishi, ndani ya hati ya kukodisha ardhi, ni kazi inayoweza kufanywa kabla nguzo ya kwanza ya gati haijazamishwa majini. Baada ya hapo mwenye hati atakuwa mwingine, na wa tatu baada yake, na hakuna kati yao atakayekuwa na sababu ya kukubali.